Historia ya Tundu Dogo

Mwezi wa Desemba mwaka 1809, katika mji mdogo wa Danville, jimbo la Kentucky huko Marekani, mwanamke aitwaye Jane Todd Crawford alilazwa juu ya meza nyumbani kwa tabibu Ephraim McDowell apasuliwe tumbo hali akiwa macho, kwani dawa ya usingizi ilikuwa haijavumbuliwa, wala haikuvumbuliwa hata ilipopita miaka mingine zaidi ya 30. Alikuwa amekuja juu ya farasi masafa ya kilomita zipatazo 100, uvimbe ukimwelemea juu ya tandiko, na matabibu wa kwao wakiamini kwamba ana mimba iliyopitiliza miezi yake. McDowell alikata upande wa kushoto jeraha la inchi 9, matumbo yakamwagika nje juu ya meza, na yeye akaendelea na kazi yake hata akautoa uvimbe wa kifuko cha mayai uliozidi kilo 10, yote hayo kwa muda wa dakika 25. Siku ya tano alipokwenda kumjulia hali alimkuta amesimama, anatandika kitanda chake mwenyewe. Na mama yule akaishi miaka 32 zaidi.

Nimeanza na mama huyo kwa kuwa kisa chake kinadhihirisha shida ambayo tiba ya maradhi ya wanawake imepambana nayo tangu hapo. Maungo ya uzazi yamewekwa ndani kabisa ya nyonga, nyuma ya ngozi, nyama na utando wa tumbo, hata asiyepasua haoni kitu. Lakini ukuta huo ukifunguliwa, mwanamke huingia katika hatari ambayo zama zile aghalabu ilizidi ile ya maradhi yenyewe. Wengi waliopasuliwa baada ya Crawford hawakujaliwa salama yake. Walikufa kwa kutokwa na damu, au kwa usaha uliojaa tumboni, na hata dawa ya usingizi ilipopatikana mwaka 1846, na mpasuaji Lister alipoanza kusafisha vidonda kwa asidi ya kaboliki mwaka 1865, jeraha refu liliendelea kuwa na gharama yake: majuma ya kulala kitandani, maumivu, ngiri penye kovu, na matumbo kugandana. Ndipo wakatokea watu walioshika swali moja, nalo ni kama yawezekana nuru ikaingia pale ambapo mkono hauingii.

Swali hilo, kwa hakika, lilikuwa limekwisha ulizwa miaka 3 kabla ya kisa cha Danville. Mwaka 1806 tabibu kijana wa Frankfurt, Philipp Bozzini, alitangaza chombo cha bati kilichovikwa ngozi, chenye mshumaa wa nta ndani yake, na kioo kilichosimamishwa ili mwanga wa mshumaa uelekezwe katika mrija na jicho la tabibu litazame kwa upande wa pili. Kwa mrija huo alikusudia kuchungulia kooni, katika njia ya haja, na katika mlango wa kizazi. Chombo kilipelekwa Vienna kikapimwa. Chuo cha matabibu wa jeshi kikakipokea kwa wema, lakini mabingwa wa kitivo cha utabibu cha Chuo Kikuu wakakidharau, wakakihesabu kuwa kitu cha kuchezea tu. Bozzini akafariki mwaka 1809 kwa homa ya tifasi aliyoambukizwa na wagonjwa aliokuwa akiwatibu, naye hajatimiza miaka 36.

Miaka 60 ikapita kabla ya nuru hiyo kumfaa mwanamke waziwazi. Antonin Jean Desormeaux wa Paris alikuwa ameuacha mshumaa, akatumia taa iliyowaka kwa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya tapentaini. Na kwa chombo cha namna hiyo, mwaka 1869, Diomede Pantaleoni alimchungulia ndani ya kizazi mwanamke wa miaka 60 aliyekuwa akitokwa na damu ilhali hedhi yake ilikwisha koma zamani. Akaona kinyama kimeota ndani ya kizazi, akakiunguza kwa dawa ya fedha bila ya kukata mahali popote. Naona tendo hili halijapewa heshima linalostahili katika vitabu, kwani hapo ndipo ilipothibiti kwamba jicho na dawa vyaweza kupita mlango mmoja, na mlango huo ni ule ule ulioumbwa na Mungu.

Tumbo lenyewe lilibaki limefungwa mpaka mwaka 1901. Kwa bahati ya ajabu, katika mwaka huo huo watu wawili wasioshauriana walilifikia kwa njia mbili tofauti. Georg Kelling wa Dresden alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi na matabibu wa Kijerumani huko Hamburg, akamjaza mbwa hewa iliyochujwa tumboni ili ukuta wa tumbo unyanyuke uachane na matumbo, kisha akapenyeza darubini iliyotengenezwa na Max Nitze kwa ajili ya kutazamia kibofu, na waliohudhuria wakaona maini na matumbo ya mnyama aliye hai. Dmitri Ott wa St. Petersburg, ambaye yeye alikuwa tabibu wa wanawake hasa, hakupita tumboni. Alifungua tundu katika ukuta wa uke, akamlaza mgonjwa kichwa chini, na kwa kioo alichojifunga kipajini akarudisha mwanga wa taa ndani ya nyonga. Miaka 9 baadaye Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akatangaza kwamba amekwisha fanya kwa wanadamu lile ambalo Kelling alilifanya kwa mbwa. Kelling aliishi kuona maarifa yake yakienea, lakini mwisho wake ulikuwa wa huzuni: alikufa Dresden katika mashambulio ya mabomu ya mwezi wa Februari mwaka 1945.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mafundi kama ilivyokuwa ya matabibu, nayo ilikwenda polepole. Mfano mmoja watosha. Hatari kubwa kupita zote ilikuwa ule mchomo wa kwanza, kwa kuwa sindano inayotoboa ukuta wa tumbo gizani yaweza pia kutoboa utumbo au mshipa mkuu wa damu ulio nyuma yake. Katika miaka ya 1930 daktari wa Hungaria, János Veress, alitengeneza sindano yenye ncha kali kwa nje na kijiti butu ndani yake kinachosukumwa na springi: maadamu nyama inaikinza sindano, kijiti hurudi nyuma na ncha hukata, lakini mara tu ncha inapotokea katika nafasi tupu, kijiti huruka mbele kikaifunika, na kinachokutana na utumbo huwa butu. Veress hakuwa na habari ya wanawake wala kizazi. Aliitengeneza kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ambao siku hizo walitiwa hewa kifuani ili pafu lililougua lipumzike. Mpaka leo ukiingia katika chumba cha upasuaji wa matundu, sindano hiyo utaikuta mezani, na jina lake ni lile lile.

Aliyeyakusanya maarifa haya yote akayaweka mikononi mwa matabibu wa wanawake alikuwa Raoul Palmer wa hospitali ya Broca mjini Paris, naye aliianza kazi hiyo katika siku za vita, mji ukiwa chini ya majeshi ya Wajerumani, akisaidiwa na mkewe Elisabeth. Wagonjwa wake aghalabu walikuwa wanawake waliokosa uzazi, ambao hapo kabla aghalabu mirija yao haikuonekana kwa macho ila kwa kuwapasua. Palmer aliwalaza kichwa chini na miguu juu, matumbo yakateremka kuelekea kifuani, na nyonga ikabaki wazi. Na alisisitiza kwamba kani ya hewa iliyomo tumboni ipimwe wakati wote, kwa kuwa alitambua kwamba hewa ikizidi huzuia damu kurudi moyoni. Taa yake ilikuwa globu ndogo iliyokuwa kwenye ncha ya darubini, ndani ya mwili wa mgonjwa, na globu hiyo ilikuwa ya moto. Aliyeitumia alikuwa katika hatari ya kuunguza kile alichokuja kukitazama. Shida hiyo haikuondoka mpaka miaka ya 1960, Harold Hopkins wa Uingereza alipobuni mpangilio mpya wa vijiti vya kioo ndani ya mrija, na kiwanda cha Karl Storz cha Ujerumani kikaiacha taa nje ya mwili na kuupitisha mwanga wake kwa nyuzi za kioo.

Miongoni mwa waliokwenda Paris kujifunza kwa Palmer alikuwamo Patrick Steptoe, tabibu wa hospitali ya Oldham, mji wa viwanda vya pamba kaskazini ya Uingereza, mbali na vyuo vikuu. Alikuwa mwanamaji wa kivita aliyetekwa na Wataliano, na aliporudi hakupata cheo London; akaenda Oldham, na huko akajifunza kazi ya darubini kwa kuirudia mara nyingi juu ya maiti kabla ya kumgusa aliye hai. Mwaka 1967 akatoa kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu ya elimu hiyo, na mwaka uliofuata akaungana na Robert Edwards, mtaalamu wa Cambridge aliyekuwa akitafuta njia ya kulitoa yai la mwanamke bila kumpasua. Kazi yao, ambayo Jean Purdy aliishiriki tangu mwanzo katika maabara, ilidumu miaka 10 yenye kushindwa kwingi na lawama nyingi. Mwezi wa Novemba mwaka 1977 Steptoe akapitisha darubini yake, akalifyonza yai moja kutoka kifuko cha mayai cha mwanamke ambaye mirija yake ilikuwa imeziba; na usiku wa tarehe 25 Julai mwaka 1978 akazaliwa Oldham mtoto wa kike, Louise Brown, wa kwanza duniani kutungwa nje ya mwili wa mama. Edwards alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Steptoe alikuwa amefariki mwaka 1988, na Purdy kabla yake.

Hata hivyo, mpaka hapo tundu dogo lilikuwa la kutazamia zaidi kuliko la kutibia. Aliyeligeuza kuwa mlango wa upasuaji kamili ni Kurt Semm, ambaye mwaka 1970 alikabidhiwa uongozi wa hospitali ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Kiel, kaskazini ya Ujerumani. Semm alikuwa amejifunza ufundi wa vyuma kabla ya utabibu, na ufundi huo hakuuacha: alibuni mashine ya kutia hewa ya ukaa tumboni na kuipima yenyewe, mafundo ya uzi yanayokazwa kutoka nje, mikasi na koleo ndefu, na sanduku la mazoezi ambamo mwanafunzi hujifunza kushona kwa vijiti virefu kabla ya kumkaribia mgonjwa. Mwaka 1966 alikuwa amekwisha buni pia ala ndogo ya kuunguza nyama iliyougua kwa ncha ya chuma iliyopashwa moto, bila ya umeme kupita mwilini mwa mgonjwa, na ala hiyo tutakutana nayo tena.

Wenzake hawakumsadiki. Palikuwa na waliomshauri akapimwe ubongo. Palikuwa na mkutano ambamo picha zake zilikatizwa katikati ya hotuba. Mwezi wa Septemba mwaka 1980 alipotoa kidole tumbo kwa njia ya matundu, jambo lililokuwa halijafanywa na mtu yeyote kwa njia hiyo, rais wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani aliandika kutaka Semm asimamishwe kazi, na jarida moja la Marekani likaikataa makala yake kwa hoja kwamba tendo hilo halina maadili. Miaka 5 baadaye Erich Mühe, mpasuaji wa Böblingen aliyeyatafakari maarifa ya Semm, akatoa kibofu cha nyongo kwa njia hiyo. Na kabla ya miaka ya 1990 kwenda mbali, wapasuaji wa dunia nzima walikuwa wanafuata njia iliyofunguliwa na matabibu wa wanawake, ingawa wachache kati yao walikumbuka kusema hivyo.

Jambo jingine lililoharakisha mwendo lilikuwa kamera. Hapo kabla daktari alifanya kazi ameinama, jicho moja limebanwa kwenye darubini, mgongo umepinda, na msaidizi wake hajui kinachoendelea ndani ila kwa kuambiwa. Camran Nezhat, aliyekuwa Atlanta, aliifunga kamera kwenye darubini akasimama wima kutazama kioo cha televisheni. Na hapo wote waliomo chumbani wakaona pamoja, msaidizi akaweza kusaidia na mwanafunzi akaweza kujifunza. Huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, Maurice Bruhat na wenzake walikuwa wakitoa mimba zilizotunga katika mirija na kuuhifadhi mrija wenyewe. Na mwezi wa Januari mwaka 1988, Harry Reich, katika mji wa Kingston, jimbo la Pennsylvania, alitoa kizazi kizima kwa njia ya matundu. Mwanamke aliyetolewa kizazi kwa jeraha refu alihitaji majuma 6 au zaidi kabla ya kubeba ndoo ya maji. Wa matundu madogo alirudi katika kazi zake mapema zaidi, na maambukizo ya kidonda yalipungua. Neema hiyo si ndogo, wala sitaki msomaji aidhanie kuwa ndogo kwa yale nitakayoyasema sasa.

Kila njia mpya inapopendwa, hufika siku ambayo watu huacha kuiuliza maswali, na kwa upasuaji huu siku hiyo ilikaribia kufika mwanzoni mwa karne hii. Roboti ya da Vinci, ambayo daktari huiendesha ameketi mbali kidogo na kitanda, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na kwa maradhi ya wanawake mwaka 2005. Hospitali zikainunua kwa fedha nyingi na kuitangaza. Na pamoja na hiyo palikuwapo mashine ya kukatakata uvimbe. Kizazi chenye fibroidi kubwa hakipiti katika tundu la sentimita moja au mbili. Kwa hiyo tangu mwaka 1995 mashine yenye wembe unaozunguka ilikuwa imeruhusiwa kuikata vipande vipande ndani ya tumbo na kuvivuta nje. Kasoro yake ni kwamba vipande vidogo hurushwa huku na huku, na kama ndani ya uvimbe unaodhaniwa ni fibroidi imejificha saratani, basi wembe huo huisambaza tumboni kote. Mwanamke mmoja daktari alipopatwa na msiba huo, yeye na mumewe wakapaza sauti mpaka serikali ikasikia. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitangaza makadirio yake kwamba katika kila wanawake 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya fibroidi mmoja huwa na saratani ya namna hiyo isiyojulikana, na baadaye mwaka huo huo ikaonya mashine ile isitumiwe kwa wanawake walio wengi. Leo pale inapotumiwa, sharti uvimbe utiwe kwanza katika mfuko uliofungwa, na kukatiwa humo. Jambo hili latuhusu sana, kwani fibroidi huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wengine, tena mapema na kwa ukubwa zaidi.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa wa saratani yenyewe, nao wastahili kusimuliwa taratibu. Kwa saratani ya ndani ya kizazi, majaribio mawili yalitoa majibu ya kufurahisha. La Marekani liliwaingiza wanawake 2,616, na la pili, lililoongozwa na Andreas Obermair wa Brisbane na wenzake katika Australia, New Zealand na Hong Kong, liliwaingiza 760. Wote wakagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wapasuliwe kwa jeraha refu na hawa kwa matundu. Katika jaribio la Brisbane, miaka 4 na nusu baadaye, waliobaki hai bila saratani kurejea walikuwa asilimia 81.3 kwa jeraha refu na 81.6 kwa matundu. Hapakuwa na tofauti, na wa matundu walikuwa wamepona haraka.

Wengi walitarajia kwamba itakuwa hivyo hivyo kwa saratani ya mlango wa kizazi. Upasuaji wake ni mzito zaidi, kwa kuwa huondoa kizazi pamoja na nyama zilizo kando yake na sehemu ya juu ya uke. Ernst Wertheim aliuanza Vienna mwaka 1898, na katika siku zake za mwanzo wagonjwa wengi walifia mezani au baada ya muda mfupi. Madaktari walikuwa wamekwisha anza kuufanya kwa matundu na kwa roboti, na wagonjwa walikuwa wakiutaka. Pedro Ramirez wa Houston pamoja na Obermair huyo huyo waliona hata hivyo kwamba ithibati haijapatikana, wakaanzisha mwaka 2008 jaribio lililozihusisha hospitali 33 za nchi mbalimbali. Wote wawili walikuwa mabingwa wa tundu dogo, na jaribio lilipangwa ili kuonyesha kwamba njia mpya haipungui ile ya zamani.

Mwaka 2017, kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia, kamati iliyowekwa kulinda usalama wa wagonjwa ilitazama hesabu ikaamuru usajili usimamishwe. Walioingia walikuwa wanawake 631. Miaka 4 na nusu baada ya upasuaji, waliobaki bila saratani kati ya waliopasuliwa kwa jeraha refu walikuwa asilimia 96.5, na kati ya wale wa matundu asilimia 86.0. Waliokufa katika kundi la jeraha refu walikuwa 3. Katika kundi la matundu walikuwa 19. Mwezi wa Machi mwaka 2018 Ramirez alisimama mbele ya wenzake mjini New Orleans akayasoma haya yote, na mwishoni mwa mwaka huo yakachapishwa, pamoja na uchunguzi mwingine wa kumbukumbu za hospitali za Marekani uliofikia hukumu ile ile.

Mimi nahesabu kuwa hakuna saa ya fahari zaidi katika historia hii, hata ile ya kuzaliwa kwa mtoto wa Oldham. Watu waliokuwa wamejenga jina lao kwa njia fulani walikubali kuipima kwa mizani ambayo wao hawaishiki, mizani ilipowahukumu hawakuficha, na hospitali nyingi zikarudi katika jeraha refu kwa maradhi haya. Kama wasingepima, kosa lingeendelea miaka mingine 20, na kila mwanamke aliyekufa angehesabiwa kuwa ni bahati yake tu, wala hapana mtu ambaye angemuuliza mpasuaji wake kwa nini.

Sababu ya tofauti hiyo imetafutwa tangu hapo. Katika njia ya matundu daktari hupitisha chombo kupitia mlango wa kizazi ili akigeuze kizazi huku na huku, na chombo hicho hupita katikati ya uvimbe wenyewe. Kisha uke hufunguliwa ndani ya tumbo lililojaa hewa ya ukaa, na uvimbe hubaki wazi. Uchunguzi uliofanywa Ulaya na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliopasuliwa kwa matundu bila chombo hicho hali yao ilikaribia ile ya wenye jeraha refu. Kwa ajili hiyo yameanzishwa majaribio mapya, moja likiongozwa kutoka Stockholm na jingine Marekani, na katika hilo la Marekani ni mwiko kupitisha chombo mlangoni mwa kizazi, tena sharti uvimbe ufunikwe kabla uke haujafunguliwa.

Wakati huo huo wengine walirudi katika njia iliyosahauliwa. Jan Baekelandt wa Ubelgiji na wenzake walitangaza mwaka 2019 jaribio la wanawake 70, waliotolewa kizazi kwa maradhi yasiyo saratani: nusu kwa matundu ya tumboni, na nusu kwa darubini iliyopitishwa ukeni, tumbo lisiguswe kabisa. Kwa hao wa pili kazi ilikwisha kwa muda mfupi zaidi, na wengi wao walikwenda nyumbani siku ile ile. Ott wa St. Petersburg asingestaajabu.

Habari iliyo kubwa zaidi kwa nchi zetu, kwa rai yangu, ni ile iliyotolewa mwezi wa Februari mwaka 2024 na Marie Plante wa Quebec pamoja na wenzake. Wao hawakuuliza ukubwa wa tundu, waliuliza kiasi cha nyama inayokatwa. Wanawake 700 wenye saratani ya mlango wa kizazi isiyozidi sentimita 2 waligawanywa: wengine wakafanyiwa upasuaji mzito wa namna ya Wertheim, wengine wakatolewa kizazi kwa njia ya kawaida. Baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imerejea nyongani kwa asilimia 2.17 ya wale wa kwanza na asilimia 2.52 ya wale wa pili, tofauti isiyo na uzito; na wale wa pili walikuwa na taabu chache zaidi za mkojo, kwa kuwa neva za kibofu hazikuguswa.

Tafakari maana yake kwa mwanamke wa Mwanza, au Kisumu, au Bukavu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba anayepasuliwa saratani hii kwa jeraha refu, katika hospitali isiyo na roboti wala darubini, amepata tiba ya kimaskini. Kumbe kwa maradhi hayo tiba yake ndiyo iliyokuwa bora. Na sasa imebainika kwamba uvimbe ukiwa mdogo, upasuaji unaomfaa ni ule ambao daktari wa wanawake wa hospitali ya mkoa ameuzoea. Kizuizi ni kwamba wanawake wachache mno miongoni mwetu hugunduliwa uvimbe ukiwa mdogo. Saratani hii ni katika zile zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, na walio wengi wanaofika katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika imekwisha kuenea, wakati ambapo kisu hakisaidii tena, kiwe kirefu au kifupi, na kinachobaki ni mionzi.

Ndiyo maana kazi iliyo muhimu imehamia mbali na chumba cha upasuaji. Katika vituo vya afya muuguzi aliyefunzwa hupaka mlango wa kizazi siki, akangoja dakika moja, akatazama kama pana weupe, ambao huenda ni dalili ya saratani inayotaka kuanza. Akiuona, na ukiwa wa kutibika hapo, hahitaji kumpeleka mgonjwa mjini. Huchukua ala ya mkononi inayotumia betri, ncha yake ikapashwa moto mpaka nyuzi 100, akaigusisha penye weupe kwa chini ya dakika moja, na mwanamke huwa macho, bila sindano ya usingizi, kisha huvaa kanga zake na kurudi kwake. Ala hiyo ni mzao wa ile aliyoibuni Kurt Semm mwaka 1966, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia mwaka 2019.